Bawasiri zangu na damu ya mkubwa wangu

Bukavu, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri. Ziwa limefunikwa lote, na njia za Kadutu ni utelezi mtupu.

Tangazo rasmi. Wakaaji wa Kadutu, wa Bagira na wa pande zote mpaka Kamanyola wajulishwe kwamba mimi, baba wa watoto watano, mwenye mvi za kutosha, leo nimekaa juu ya benchi la mbao saa nne nzima, bila mto, bila kuinua upande mmoja, bila kukunja uso. Makalio yangu yamepata uhuru wake. Sherehe hazitakuwapo.

Hazitakuwapo kwa sababu benchi lenyewe ni la hospitali. Nyuma ya ukuta amelala mkubwa wangu, kaka yangu Murhula, mchimba dhahabu wa Luhwindja, ambaye kwa miezi minane alitoka damu na kuitibu kama bawasiri, kwa maelekezo yangu.

Leo daktari ametupa majibu. Si bawasiri.

Nianze na zangu, maana ndizo zilizonipa kiburi.

Kazi yangu ni kukaa. Nina kibanda cha secrétariat karibu na soko: kompyuta mbili, printa moja inayokohoa, na mimi katikati, nikichapa barua za watu na kazi za wanafunzi wa uuguzi wanaomaliza masomo. Miaka mingi nimekaa pale tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Maji sinywi, nisije nikalazimika kwenda choo cha soko. Mchana bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, zenye pilipili ya kutosha kuwasha jiko. Mwili ulinivumilia, halafu ukachoka. Siku moja niliona damu nyekundu, na baadaye kitu kama punje ya haragwe kikawa kinatoka na kukataa kurudi kwao.

Sikumwambia mtu. Maman Noëlla, mke wangu, alijua kwa kuniangalia mezani tu.

"Papa Noëlla, sasa unakaa sawa kuku anatafuta fasi ya kutaga. Iko nini?"

Dawa ya kwanza ilitoka kwa shangazi. Kila nyumba kwetu ina poire, ile chupa ya mpira yenye mdomo, imetungikwa ukutani kwa kusafishia tumbo la wakubwa na wadogo. Shangazi alichemsha mubirizi, yale majani machungu, akaongeza pilipili "ili ikauke mbio". Sitaeleza. Niseme tu kwamba siku ile majirani walilijua jina la marehemu mama yangu. Msijaribu. Inachoma nyama ambayo tayari ina kidonda.

Juma lililofuata nilimwambia Maman Noëlla kwamba nimesoma jambo katika kazi ya mwanafunzi mmoja. Akaniwekea beseni. Maji safi ya uvuguvugu, bila kitu ndani, robo saa asubuhi na robo saa jioni, nimekaa humo kama mtoto anayeogeshwa. Pilipili ikapunguzwa. Lenga-lenga, yaani mchicha, kila siku, maharage, papai la bonde la Ruzizi, maji ya kunywa hata bila kiu. Chooni naenda mara tu nikisikia haja, sisubiri, sijikazi, na simu inabaki nje. Zamani nilikuwa nasoma habari za dunia nzima nimechuchumaa, huku mishipa inavimba. Kila saa nasimama, nazunguka kibanda. Hakuna uchawi. Baada ya majuma machache damu ilikoma.

Maman Noëlla, ambaye siri kwake ni mzigo mzito, alitangaza kupona kwangu kwenye matanga, mbele ya ukoo mzima. Siku mbili baadaye Murhula alinipigia simu kutoka juu ya kilima anakopata réseau.

"Petit, na mimi iko inanitoka. Damu. Weye ulifanya nini?"

Mkubwa wangu hakuwahi kuniuliza kitu. Yeye ndiye aliyenisomesha kwa mawe aliyoyaponda. Basi nilijibu kama profesa: beseni, mboga, maji, na asibebe tena mifuko mizito.

"Nisibebe? Sasa nitachimba na kalamu yako?"

Alifuata mengine yote. Kila Jumapili aliniarifu. Damu ilipungua, ikarudi. Ikawa nyeusi-nyeusi, imechanganyika na choo. Akakonda, suruali akaifunga kwa kamba. Mimi nikasema aongeze papai.

Na nilijua. Wanafunzi wale wanaandika, nami nimechapa kwa vidole hivi mara nyingi: damu isiyokoma, damu nyeusi, mtu kukonda, choo kubadilika, mgonjwa apimwe bila kuchelewa. Nilichapa, nikatia nukta, nikaenda ukurasa wa pili.

Uvimbe uko ndani ya utumbo mpana. Umekaa siku nyingi, na umefika kwenye ini. Daktari alisema watajaribu kufungua njia ili aweze kula. Kuuondoa wote haiwezekani tena. Akauliza, bila ukali, ni nani aliyesema kwamba ni bawasiri.

Niliangalia dirisha.

"Ni mimi mwenyewe, docteur," Murhula alisema. "Sisi watu wa mugodi tunajipimaka."

Daktari aliandika hivyo. Murhula hakunitazama. Alivuta blanketi, akauliza kama mvua imekata njia ya kwao.

Sasa niandike lililotokea kweli, kwa sababu hata Maman Noëlla halijui.

Sikusoma popote habari ya beseni. Baada ya ile poire nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Bagira, kwenye kituo cha afya ambako hakuna anayenijua. Infirmière, muuguzi wa pale, alikuwa na umri wa binti yangu. Aliuliza kama nimekonda, kama kwetu kuna aliyeugua tumbo, kisha akanilaza ubavu, akavaa glovu, akapima kwa kidole. Hata dakika tano hazikufika. Akasema ni bawasiri kweli, akanieleza maji ya uvuguvugu na mboga, akasema nirudi damu ikiendelea. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Niliapa kwamba hakuna mtu atakayejua msichana yule alichokiona.

Kwa hiyo kila niliyempa dawa yangu nilimpa nusu. Kesho asubuhi, kabla hawajampeleka kwenye chumba cha upasuaji, nitamwambia Murhula nusu nyingine. Haitamsaidia kitu. Lakini asiingie mle akijiona yeye ndiye mjinga.

Maana siku ile ya kilimani aliniuliza. Sikusahau kumwambia; aliniuliza, wazi kabisa, upepo ukipiga ndani ya simu.

"Na munganga wa hospitali, alikuona?"

"Hapana, Grand. Sikuenda."

Nikasikia anashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi na mimi sitaenda."