Ng'ombe Niliyepewa Malishoni

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na goti limetulia. Je, ile dawa ya kuchua imesaidia? Mimi hapa Namatala ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo umechanganyikiwa, na wa kumwambia ni wewe.

Mwenye bucha alinituma kutafuta ng'ombe wa kununua. Tangu vita ng'ombe wamekuwa haba, watu ndio kwanza wanaanza kufuga tena. Nikafuata kijito malishoni. Kinajipinda hata sikujua tena niko ng'ambo gani. Kwenye kona moja nikamkuta mama wa umri wako, ameshika kamba ya ng'ombe mmoja. Nikamsalimu, nikauliza, "Mama, ng'ombe huyu ni wa nani?"

Akanitia kamba mkononi. "Chukua, afande. Watoto hapana chukua." Akaondoka mbio.

Mimi na kofia yangu ya msikitini, naitwa afande. Nikamwita, "Mama, ngoja, mimi si askari," ndipo akazidi kukimbia. Nikajaribu Kisoga, hakugeuka. Kiteso sikijui. Nikabaki na ng'ombe wa watu. Nikimwacha, ataibiwa, nikimpeleka mjini, mwizi ni mimi. Basi nikalegeza kamba, nikamfuata yeye ng'ombe. Akanipitisha kila kona ya kijito mpaka uani kwao.

Yule mama akatoka ndani. Aliponiona, akaenda akafungua ndama, akaniletea na huyo.

Sikuthubutu kufungua kinywa. Nikawafunga wote wawili kwenye mti wa pale uani, nikarudi kinyumenyume. Nilipofika mbali alikuwa bado amesimama, hajagusa kamba.

Mwenye bucha ananicheka: "Yusufu, ng'ombe wa bure, na ndama juu yake, wewe ukarudisha? Mchinjaji wa wapi wewe?"

Mimi sicheki. Kiswahili ulinifundisha wewe, mama, na ndicho ninachoombea dua. Huku ndicho walichosema askari walipokuja kuchukua ng'ombe wakati wa vita. Sasa sijui yule mama alisikia nini. Labda hata wale waliomnyang'anya zamani walianza kwa kumsalimu.

Kesho nitakwenda na mke wa jirani, anajua Kiteso. Atasema yeye. Mimi nitakaa mbali, ninyamaze.

Nisalimie dada Aisha, na shemeji fundi cherehani, na mwalimu wangu wa madrasa. Na dua ya leo, mama, usianze na mimi. Anza na yule mama.

Mwanao,
Yusufu