Subiri Ageuke Mwenyewe

Kaka Damiani mpendwa,

Ile saa yako ya mezani bado ninayo, ila nimeacha kuitia ufunguo. Mlio wake siuwezi tena.

Unakumbuka tulivyoenda Keko kwa fundi seremala kuchukua kile kihori cha mbao, chembamba, mfano wa paa lililogeuzwa juu chini? Fundi akauliza kama ni cha kulishia kuku. Ukamjibu ni kitanda cha panya walevi, akacheka mpaka akakaa kwenye maranda. Hakujua kwamba ndiyo kazi iliyokuwa ikikulisha kule maabara.

Njiani kurudi Chang'ombe ukanieleza. Panya wenu walikuwa koo mbili, weusi na weupe, kila ukoo umezalishwa kaka kwa dada, vizazi na vizazi, mpaka wakawa kama mapacha. Mnawawekea chupa mbili, moja ya maji, moja ya maji yaliyotiwa pombe. Weusi wanaikimbilia ya pombe, weupe hawana habari nayo. Tena chupa mnazibadilisha upande kila siku, maana huenda panya amezoea upande tu, mkamsingizia ulevi. Wengine mnawachoma sindano ya pombe, mnawalaza chali kihorini, mnahesabu dakika mpaka wageuke. Jioni ile ukanifundisha kusoma saa. Nikakuuliza, na akichelewa je?

"Usimguse. Subiri ageuke mwenyewe. Ukimsaidia umeharibu kazi."

Baadaye gongo ikakuingia. Ulisema babu alikunywa, baba alikunywa, basi sie ni ukoo wa weusi. Niliudhika kweli. Nikakwambia wewe hujabadilishiwa chupa upande hata siku moja, umejuaje? Na kila ulipoanguka chali pale ukumbini nikaja kukuinua, ulinifukuza kwa maneno yale yale ya maabara, tukacheka. Ukawa mzaha wetu.

Jumamosi ile ulirudi mchana, mama yuko kwenye foleni ya sukari. Ukajitupa chali. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, si mtoto. Nikaichukua saa, nikaiweka sakafuni karibu na kichwa chako, nikakaa nikisuka ukili. Ikapita nusu saa. Ukakoroma, ukakwama kidogo, kisha ukanyamaza. Nikasema afadhali, sasa amepata usingizi. Mama aliporudi ndiye aliyekugusa.

Mganga wa zahanati alisema ungelazwa ubavu tu, matapishi yasingekukaba. Ubavu tu, kaka.

Msibani waliniambia siku yako ilikuwa imefika, nami nikaitikia. Mama amekufa hajui kwamba nilikuwa nimekaa pale naangalia saa. Nimekwambia wewe peke yako, leo, na mie nimeshazeeka. Nina hasira na wewe kwa kunifundisha vile, na nina hasira zaidi na mie kwa kukutii.

Pumzika, kaka yangu. Laiti siku ile ningeiharibu kazi.

Mdogo wako, uliyemfundisha kusoma saa.