Jina la Nne

Kwa Nyanya Taaka,
S.L.P. 216,
Busia.

14 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Elphas,

Salamu zangu zikukute salama huko Mombasa. Je, kifua kimepata nafuu? Nyanya anasema vumbi la simenti ndilo linalokukohoza, na anakuombea kila asubuhi kabla ya kupeleka samaki sokoni. Sisi ni wazima. Mimi ninaendelea na Kidato cha Tatu, na kamusi uliyoninunulia bado ina jalada lake.

Najua hupokei simu zetu tangu tulipomzika Babu kule Kiyeyi, upande wa pili wa mpaka. Hii ni wiki ya tatu. Nimechagua barua kwa sababu kwa simu ningeshindwa. Unanijua nilivyo mwoga wa kusema.

Ulinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo kaka yangu Vincent alikushikia simu karibu na kipaza sauti ili usikie mazishi. Ulinisikia nikisoma historia ya marehemu. Ulinisikia nikisema kwamba Babu ameacha watoto sita, kisha nikawataja. Hapo simu ikakatika. Vincent alidhani ni mtandao. Mimi nilijua si mtandao.

Historia ile niliiandika mwenyewe, maana kwetu kazi hiyo hupewa mtoto wa shule. Niliandika watoto saba. Wewe ulikuwa wa nne. Asubuhi ya mazishi Baba Mkubwa Othieno aliomba karatasi, akachukua kalamu yangu, akapiga mstari juu ya jina lako na kugeuza saba kuwa sita. Alisema mtoto wa mke wa Busia, ng'ambo ya mpaka, akisomwa kaburini leo, kesho atakuja kudai shamba. Baba yangu, aliyenileta kwa Nyanya Taaka nisome upande huu, alikuwapo. Alitazama viatu vyake.

Nilimwambia Baba Mkubwa, kwa sauti ndogo, kwamba huo utakuwa uongo. Hakukasirika. Alinishika bega.

"Sandra, wewe soma tu. Kusoma si kusema."

Nikajificha ndani ya maneno hayo mpaka kaburini.

Muhula uliopita niliandika insha kuhusu uhuru, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Nilisema kwamba mtu huru ni yule awezaye kukataa, na kwamba hata mfungwa ana hiari ya ulimi wake. Nilijivuna sana. Siku ya Babu hakuna aliyenifunga. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Lilikuwa jina moja tu, Baba Mdogo, pumzi moja ingetosha. Nililiona chini ya wino, nikaliruka.

Nyanya Taaka, mama yako, alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye mkeka na wanawake waliotoka naye Busia. Watu waligeuka kumtazama. Yeye alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Tuliporudi nyumbani alinipakulia samaki, akaniwekea kipande kinono cha tumbo kama afanyavyo siku zote. Nilikisukuma kando ya sahani. Alikifunika, akakiweka.

Nimejaribu kumchukia Baba Mkubwa, nimeshindwa. Ndiye aliyemwogesha Babu miezi yote minne ya ugonjwa na kumlisha uji kwa kijiko. Mkono ni uleule. Zamani nilidhani watu wema na watu wabaya hukaa nyumba tofauti. Sasa sijui niwatenge vipi, na mimi mwenyewe sijui nihesabiwe wapi.

Mwezi wa nane ukoo utakutana kumaliza matanga, na historia itasomwa tena. Jumamosi iliyopita nilivuka mpaka, nikaenda kumwambia Baba Mkubwa kwamba nitasoma saba au sitasoma kabisa. Alicheka kidogo, akasema basi atasoma mwanawe Clifford, kwani Clifford hana vitabu kichwani vya kumsumbua. Kwa hiyo ukoo utasikia sita tena. Nimesema kweli nikiwa nimechelewa, na haikubadilisha kitu. Siku hiyo nitakaa nyuma, kwenye mkeka wa Nyanya.

Karatasi yenyewe nimeitia humu. Ukiiinua kwenye mwanga utaona kwamba mstari ulipita juu tu. Jina lako linasomeka.

Sikuombi unisamehe upesi. Ninaomba jambo moja. Kila Jumapili Nyanya akitoka kanisani huiweka simu mezani na kukaa karibu nayo mpaka chai inapoa. Hanitumi nikupigie. Mpigie yeye. Mimi nitatoka nje mpaka mmalize.

Vincent anakusalimu sana. Baba pia, ingawa ameona haya kuniambia niandike hivyo. Mungu akulinde kazini na akupe usingizi mwema.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na niliyekukosea,

Sandra