Kuku Ambaye Hatukumchinja

Dada Yunisi,

Najua ungeanza kwa kucheka. Mdogo wako uliyemfundisha kuandika jina lake mchangani sasa ana kipara na kitambi, na anakuandikia barua hii kwa miwani ya mtumba iliyotengenezewa macho ya mtu mwingine kabisa. Shirika lilipobinafsishwa tulipunguzwa kazi, basi nikarudi Makutupora kulima zabibu. Ndege wanakula, mimi napiga kelele. Ndiyo kazi yangu siku hizi.

Lakini sikuandikii habari za ndege.

Nyumba ya baba tumeigeuza. Kaka mkubwa alileta bati kutoka Dar, mke wangu Esta, wifi yako, akashona mapazia, na mwanao Neema, ambaye sasa ni mwalimu na mdomo wake ni wako mtupu, ndiye anayeshika funguo. Mwanamke aliyepigwa na mumewe anakuja, anakaa katika vyumba viwili vya uani mpaka apate pa kwenda. Hakuna mfadhili. Ni sisi wenyewe, ukoo, tunachangia unga na dawa. Watu wananisifu. Wakinisifu natazama chini.

Kwa sababu kila anayebisha, Dada, hodi yake ni yako. Sauti yako ile ile, iliyokauka kwa vumbi la kutembea kutoka kwa mumeo Hombolo. Nainuka haraka, halafu nakaa tena kitini. Esta anadhani ni baridi yabisi. Namwacha adhani hivyo.

Mara tatu ulikuja na hodi hiyo, furushi kichwani. Mara tatu shemeji alikufuata na wazee wake, tukawachinjia kuku, wakala, wakaomba radhi huku wakilamba vidole. Na kwetu, unajua, wazee wakishakula kwako huwezi tena kuwanyima walichokuja kuchukua. Mimi nilijiita mpatanishi. Nilikuwa nachekesha watu kwelikweli siku hizo. Mara ya tatu nikakupakia kwenye baiskeli, nikakurudisha mwenyewe. Neema alikuwa mtoto, tulimwacha kwa mama, akatupungia mkono. Njia nzima ulikuwa unasema, "Polepole, Zaka. Polepole." Nikakutania kwamba umezeeka, unaogopa kuanguka.

Hukuwa unaogopa kuanguka.

Wiki moja baadaye tuliitwa kuuchukua mwili wako.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita alikuja mume wa Mama Pendo. Huyu Mama Pendo ni binti wa Haneti, yuko kwetu wiki ya tatu, mkono mmoja umevunjika, ananyonyesha kwa kuegemeza mtoto gotini. Mume kaja na wazee wawili, mashati safi, maneno matamu. "Shikamoo, mzee." Na mimi, Dada... nikavuta viti. Nikasikia mdomo wangu ukimwambia Esta akamate kuku. Nilikuwa nishaanza hata kuwachekesha! Miaka yote hii, na bado mikono yangu inaijua kazi ile.

Neema akatoka uani, kuku kamkumbatia kifuani. Akawaamkia wazee kwa adabu zote, kisha akanigeukia.

"Mjomba, na baiskeli umeshaijaza upepo?"

Basi. Nilipoinua macho nikakuona wewe umesimama nyuma yake, na furushi lako. Sijui nikuelezeje. Nilikuona.

Nikasimama. "Wazee wangu, leo hakuna chakula hapa."

Mmoja akadhani natania, si ananijua. "Ah, Zakaria! Toka lini nyumba hii ikakosa kuku?"

"Kuku yupo, mzee wangu. Hatachinjwa. Na huyu mama haondoki."

"Unatufukuza na njaa?"

"Ndiyo. Nisameheni. Nawafukuza na njaa."

Mume akasema atarudi na wazee wengi zaidi, na balozi wa nyumba kumi juu yake. Walipoondoka, Mama Pendo alitoka chumbani, akachukua ufagio kwa mkono wake mmoja, akafagia nyayo zao mpaka barabarani. Hakuna aliyemtuma.

Sasa nasubiri. Nikikaa barazani nakuona tena, husemi kitu. Wewe uliyekuwa husimamishiki ukianza kuongea! Kimya chako hiki ndicho kinachonimaliza. Na nadhani najua unachotaka.

Siku ya mazishi yako, mimi ndiye niliyesoma historia ya marehemu. Nilisimama kando ya jeneza nikasema uliugua ghafla. Watu wote pale walikuwa wameuona uso wako. Wakaniitikia amina.

Kwa hiyo mume wa Mama Pendo akirudi, hata na kijiji kizima, nitawasimamisha uani niisome upya historia yako. Nitakutaja kwa jina. Nitamtaja aliyekupiga mpaka ukafa. Halafu nitajitaja mimi.

Pumzika, dada yangu. Lakini usinisamehe kabla hujanisikia.

Mdogo wako,
Zakaria