Jembe Nyuma ya Mlango

Kasulu, mwanzo wa mvua, 2013

Kaka yangu mpendwa Longino,

Nakusalimu kutoka huku milimani kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu wa mama umepata nafuu, na korosho zimeanza kuanguka. Sisi tu wazima wa mwili. Anjela amerefuka, lile gauni ulilomletea msibani sasa analivaa kama blauzi. Moyo ndio hauna utulivu, na nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Najua unasubiri jibu moja tu: lini nafunga mizigo nirudi Nachingwea na mtoto. Kaka, kumetokea jambo.

Tangu mume wangu Yoramu afariki kwa ile ajali ya pikipiki barabara ya Kibondo, wakwe zangu hawajaniacha. Mama mkwe hachoki kushuka kutoka Muyama na ndizi kichwani. Basi Jumamosi moja walikuja wote, wamevaa kama wanaokwenda kanisani: yeye, baba mkwe na shemeji yangu Ezekieli. Walinisalimia ile salamu ndefu ya Kiha, makofi na kuinama, "mwidiwe, mwidiwe," mpaka nikahisi kuna neno. Walikuwa na kibuyu cha pombe ya ndizi na jembe jipya lenye mpini uliochongwa vizuri, limefungwa majani ya mgomba. Mimi nikajua wamelionea huruma jembe langu bovu. Nikapiga goti, nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema asanteni sana, mvua ikinyesha tu naingia nalo shambani.

Mama mkwe akapiga kigelegele, kisha akaanza kulia. Ezekieli akanivuta pembeni.

"Shemeji, hilo si la kulimia. Hilo ni mahari. Ya marehemu."

Unakumbuka Yoramu alipokuja kwetu akiwa bwana shamba, mjomba wetu alimwambia sisi hatuuzi mtu, lete kuku na mkaja wa mama, inatosha. Sisi tulicheka, tukacheza ngoma mpaka asubuhi. Huku hawakucheka. Huku mtoto ambaye mama yake hakutolewa jembe na ng'ombe ni wa kwa mama yake, baba hana chake. Ng'ombe nao wameshatengwa zizini Muyama, wanasubiri.

"Mukazana wanje," akasema baba mkwe, ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao, "Yoramu analala vibaya. Tumemzika kama kijana ambaye hakuoa. Tuache tuitengeneze ndoa yake, na mtoto aje akae kwao."

Nilimjibu kwa heshima, lakini sikumung'unya maneno. Nikasema, baba, kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Hata mkileta zizi zima, Anjela ni wetu.

Akauliza taratibu: "Basi kwenu baba ni nani?"

Kaka, swali hilo lilinirudisha Nachingwea. Nilimkumbuka baba yetu. Alijenga kwa ukoo wa mama, akatulea, akakufundisha kupanda mikorosho, na siku alipokufa wapwa zake wakaja wakamchukua, wakamzika kwao, wakagawana hata baiskeli yake. Wewe ulisimama nyuma ya watu kama jirani. Ulilia njia nzima wakati wa kurudi. Hatujawahi kulizungumza.

Nami nikamuuliza, "Na kwenu, baba, mama ni nani?" Akacheka kidogo. "Mama ni yule aliyetolewa mahari." Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Darasani nafundisha kwamba mila nzuri tuzidumishe na mbaya tuziache. Watoto wanaandika hivyo, nawapa vema. Kitabu hakisemi ufanye nini zikikutana mbili mlangoni kwako, kila moja inamtaka mwanao, na kila moja inampenda kweli.

Nilitaka kulirudisha lile jembe. Baba mkwe akasema nikilirudisha nimetamka kwamba mwanawe hakuacha mtoto. Akaongeza kuwa hata kulipokea kwangu hakuhesabiki, mwanamke hajipokelei, litamsubiri mwanaume wa kwetu. Huyo ni wewe. Kwa hiyo limesimama nyuma ya mlango. Siku mvua ilipoanza, Anjela alilitoa, akaniuliza kwa nini tunahangaika na bovu wakati la baba lipo. Sijui nani kamwambia ni la baba. Nilimnyang'anya nikalirudisha, akalia, na mimi nikaingia jikoni nikalia.

Naogopa, kaka. Nikimwacha Anjela kule Muyama, nitakuwa mgeni kwa mwanangu mwenyewe. Nikija naye, nitakuwa nimemfanyia Yoramu yale wapwa waliyomfanyia baba. Usinijibu tena "uza vitu urudi." Njoo. Sikuambii ulipokee wala ulikatae. Njoo ukae na mzee huyu umjibu swali lake, maana wewe unalijua kuliko mimi.

Nisalimie mama, mwambie mjukuu wake bado anaimba nyimbo za kutwanga alizomfundisha. Wifi mpe pole na ujauzito. Mjomba wetu msomee barua hii yote, hata akifoka usiruke mahali. Na shangazi, dada yake baba, ukimwona, muulize kama kaburi linapaliliwa.

Ni mimi mdogo wako,
Adelina, mama Anjela

Nimeifungua tena bahasha kabla ya kwenda posta. Jana baba mkwe alipita akitoka sokoni. Aliona jembe limeanza kushika kutu kwa unyevu. Aliomba kitambaa na mafuta kidogo ya mawese, akakaa chini, akalipaka lote mpaka kwenye mpini, kisha akalirudisha palepale nyuma ya mlango.