Kanzu ya Idi Ilikuwa Kubwa

Dunguni, ng'ambo ya Ikwiriri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Miguu inasemaje na mvua hizi? Na kikohozi cha baba kimemwachia? Sisi huku tunapumua kwa uwezo wa Mungu. Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako nyumba nzima huisikiliza, na hili nataka ulijue wewe kwanza.

Kila ukiuliza habari za Shabani nakujibu ananenepa. Nimekudanganya, mama. Ile picha ya Idi, nilimvalisha kanzu ya mtoto wa jirani mwenye miaka minne ili mikono yake iliyokonda isionekane. Ukasema mjukuu wako amekuwa shehe. Nikacheka kwenye simu, nilipokata nikalia.

Tangu marehemu dada atuachie huyu mtoto, nimemlea kwa moyo wangu wote, lakini macho ya watu yamenishinda. Tulipohamia dunguni, kwenye kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga, wanawake wa mashamba ya jirani wakaanza kunong'ona kuwa amebemendwa, yaani mimi na mume wangu tumevunja miiko ya chumbani na mtoto ndiye anayeumia. Nikaona haya. Nikaacha kwenda kliniki, maana pale mtoto huning'inizwa kwenye mzani mbele ya kila mtu. Mume wangu akahamishia mkeka wake chini ya dungu. Mimi nikawa namwogesha Shabani maji ya mizizi asubuhi na jioni, nampa uji mweupe wa mchele, basi. Miezi mitatu.

Siku moja akashindwa hata kulia. Nikapanda naye bodaboda hadi zahanati. Muuguzi, mama mtu mzima wa hukuhuku, akamzungushia mkononi utepe wa kupimia unene, akaitazama kadi ya kliniki yenye nafasi tupu, akasema polepole, "Mwanangu, huyu hajabemendwa. Huyu ana njaa."

Njaa, mama, na mimi nalinda mpunga.

Sasa ni wiki ya tatu nampa uji wa karanga na tui, na samaki wa kupondwa, mara tano kwa siku. Hula vijiko vitatu akageuza uso. Kila wiki tunarudi kwenye mzani, asipoongezeka atalazwa. Juzi aliongezeka kidogo sana. Tukiwa njiani kurudi akaniita mama, kwa mara ya kwanza. Nikamfunika vizuri kwa khanga, tukaendelea.

Ukiona sifai kumlea, nitamleta mwenyewe, sitabisha. Lakini kama bado una imani nami, njoo hata juma moja unionyeshe dada alivyokuwa akimlisha.

Nisalimie baba, shangazi msuka mikeka, na mdogo wangu aliyeko shule. Na ukienda makaburini kwa dada, habari za mzani usimwambie. Mwambie jana mwanawe amesimama, ameshika ngazi ya dungu.

Ni mimi mwanao,
Somoe