Maji Chini ya Kitanda

Jumatatu. Mawingu yamekaa juu ya mwamba wa Tororo tangu asubuhi, kama wageni wasiotaka kusema walichofuata.

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na hasa kwa jirani aliyeapa kwamba hatutafika hata Kitale, kuwa pazia la maua la dirisha la nyuma limekwenda Turkana na kurudi bila kuchanika.

Mimi sikurudi vizuri kama pazia.

Gari lenyewe lilikuwa la kubebea kuku. Mtoto wa mwisho alipohama, mke wangu, Mama Ekisa, alisema miaka ishirini na tano ya ndoa inampa haki ya kuomba kitu kimoja: alale mahali pasipo na jirani. Jangwani, kwa mfano. Nikaliosha gari siku tatu, nikalipeleka kwa seremala kule Nagongera atutilie kitanda. Akatia kitanda, akatia meza ya kukunja, na chini ya kitanda akatia sakafu ya pili yenye uwazi usioonekana hata ukipiga magoti. Sikumwagiza. Hakuniuliza. Huku mpakani seremala akiambiwa gari na kitanda kwa pamoja, anajua.

Magendo niliacha zamani, lakini uwazi ukiwapo mtu haachi kuujaza. Nikapanga humo jerikeni tatu za maji, lita ishirini kila moja, za dharura. Ya kunywa tulinunua ya chupa.

Nieleze na jambo jingine, maana bila hilo nitaonekana mbaya kuliko nilivyo, na nilivyo inatosha. Nimevusha vitunguu na mafuta ya kupikia kati ya Busia hii ya Uganda na Busia ile ya Kenya tangu sijaota ndevu. Somo la kwanza la kazi hiyo ni hili: mtu akisimamisha gari, unashusha kioo nusu, unafungua viganja, unasema, "Hatuna kitu." Hata siku ambayo huna kitu kweli, unasema. Inatoka yenyewe, kama amina.

Siku ya tatu tulikuwa tumeipita Lokichar, tunaelekea Lodwar. Joto la kule halitoki juu tu, linakujia na kutoka chini. Sabuni ililegea kikoponi kama ugali wa mgonjwa. Nilikuwa nimejifunga taulo la maji shingoni, naendesha kama bwana mkubwa.

Mwanamke akainua mkono kando ya barabara. Shanga shingoni, mtoto mgongoni, kikombe cha plastiki mkononi. Nikapunguza mwendo, nikashusha kioo nusu. Akasema neno moja: ngakipi.

Mama Ekisa ni Mteso. Kwao maji ni akipi, na Waturkana wa kule ni ndugu zao wa lugha, kila mtu anajua. Mimi Msamia, lakini nimekula ukweni robo karne. Neno lile nililijua kabla sijajua jina la mama mkwe.

"Hatuna kitu, mama," nikasema. Viganja wazi.

Taulo lilikuwa linadondosha maji kwenye shati langu.

Aliliangalia taulo. Mimi hakuniangalia. Akasogea kando kwa adabu, kama anayempisha mgeni, nami nikaondoa gari.

Nikapandisha kioo.

"Amesema maji," Mama Ekisa akasema.

"Nimesikia."

"Najua umesikia."

Hapo ndipo nilipopaswa kugeuza. Badala yake nikaanza kueleza: mchanga wa kando ni laini, mafuta si mengi, tutampa tukirudi. Maneno yalikuja kwa mpangilio mzuri sana. Jibu la kwanza lilikuwa mazoea, hilo naweza kumwachia Mungu alipime. Maelezo yale yalikuwa mimi mwenyewe.

Mama Ekisa alinivua taulo shingoni taratibu, akalikamua nje ya dirisha mpaka tone la mwisho.

"Geuza, Baba Ekisa."

Nikageuza. Mchanga haukuwa laini.

Tulipofika hakuwapo. Nyayo zake zilikuwapo, zimeingia kwenye miiba na kupotea juu ya mawe. Mama Ekisa akaita kwa Kiteso, kwa sauti ile ya kuitana shambani kwao. Akaita tena. Tukaacha jerikeni moja chini ya mti wa miiba, kikombe chetu juu yake.

Siku mbili baadaye, tukirudi, jerikeni ilikuwa palepale. Imejaa. Ndani ya kikombe palikuwa na mchanga. Tukaiacha.

Huwa najiambia kuna lori lilipita, dereva akampa. Huenda ni kweli. Nimejaribu kuliona lori hilo, hata rangi yake sijaipata.

Mpakani afisa akatuuliza tumebeba nini. Viganja vyangu vilikuwa vimeshafunguka. Nikavifunga, nikashuka, nikainua mwenyewe godoro na mbao za seremala bila kuombwa.

"Maji," nikasema.

Akazitazama jerikeni mbili. Akamtazama Mama Ekisa, kama unavyomtazama anayemuuguza mtu. "Mzee, nendeni nyumbani mkapumzike," akasema. Nilitegemea Mama Ekisa acheke. Hakucheka.

Kesho nalirudisha gari Nagongera, seremala atoe ile sakafu. Atanishangaa. Ila sina hakika kama sakafu ndiyo iliyojibu siku ile. Mtu akinisimamisha tena njiani, kitakachotangulia ni sikio au mdomo?

Asubuhi Mama Ekisa amezitoa jerikeni mbili, akamwagilia mboga zote za sukuma wiki mpaka maji yakaisha.

Saa nane mvua imenyesha.